Povu likishaingia kwenye bomba linaenda wapi?

Asanteni, asanteni. Wale mliosimama nyuma sogeeni mbele jamani, viti vipo na mi siumi mtu. Ila naomba msiguse hii meza, maana hapa kuna bakuli la maji na juu ya maji kuna sindano ya kushonea, ya chuma kabisa, imelala pale haizami, na kuilaza imenichukua kama dakika tano huku mkono unatetemeka kama nimeiba.

Haya angalieni. Nachukua tone moja la sabuni ya maji, moja tu, naliweka huku pembeni ya bakuli mbali kabisa na sindano.

Imeenda! Mmeona? Hata sekunde haijafika.

Sasa wengi wetu tumefundishwa kwamba sabuni inaondoa uchafu, lakini pale bakulini hapakuwa na uchafu wowote, maji masafi na sindano safi, kwa hiyo sabuni imefanya nini? Imelegeza maji. Maji yanashikana sana yenyewe kwa yenyewe, na yale ya juu kabisa kwa sababu hayana jirani wa kuyashika kwa upande wa hewa yanavutwa ndani, ndo unapata kama kingozi fulani hivi juu ya maji ambacho kinaweza kubeba sindano au wale wadudu wanaotembea juu ya madimbwi. Nguvu ya hicho kingozi inapimwa, maji safi kwenye joto la nyuzi 25 yana kama 72, vipimo vyake vinaitwa milinyutoni kwa mita, usijali, we shika 72. Ukitia sabuni inashuka mpaka karibu na 30 na sindano inakosa pa kulalia.

Kitu kinachofanya kazi hiyo kitaalamu kinaitwa safaktanti. Mi napenda kukiita ndumilakuwili, maana ndo tabia yake hasa. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyachukia maji ila unapenda mafuta, sasa ukiiweka kwenye maji haijui ikae wapi, inakimbilia juu kwenye mpaka wa maji na hewa, kichwa ndani mkia nje, na zikijazana pale juu zinabomoa kile kingozi. Zile zinazokosa nafasi juu zinajikusanya huku chini kwenye vijivimbe vidogo vinaitwa miseli, mikia yote imejificha ndani vichwa viko nje, na mafuta ya kwenye sahani au shati yanaingia humo katikati na yanaondoka na maji. Virusi vya korona vilikufa kwa sabuni kwa njia hiyohiyo, koti lao ni mafuta na mkia wa safaktanti ukilikuta koti la mafuta unalichana.

Na msidhani nazungumzia sabuni tu. Shampuu, dawa ya meno, rangi ya ukuta, dawa za kunyunyizia mashambani, povu la zimamoto, vilainishi vya nguo, krimu, kote humo yupo ndumilakuwili. Hata wewe uliyekaa hapo unaye mwilini. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa vyenye unyevu na kama si safaktanti inayotengenezwa na mapafu yenyewe vingekuwa vinajikunja na kugandana kila ukitoa pumzi. Watoto njiti wengi wanazaliwa kabla mapafu hayajaanza kuitengeneza ya kutosha, na zamani walikuwa wanakufa madaktari wakiangalia tu, mpaka mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead wakaonyesha kwamba mapafu ya watoto hao yamepungukiwa na hicho kitu, alafu mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani akatoa ripoti ya watoto njiti waliotiwa safaktanti iliyotoka kwenye mapafu ya ng'ombe, moja kwa moja mapafuni, na ikawasaidia. Kwa hiyo mtu akija kwangu na hoja kwamba kemikali hizi ni sumu zote zifutwe, namwambia kwanza vuta pumzi ndo tuongee.

Mimi shida yangu ni moja na ndo imenileta hapa. Petroli unaichoma inaisha, chupa ya plastiki ukiitupa angalau unaweza kwenda kuiokota, lakini safaktanti ya kufulia na kuoshea karibu yote inaingia kwenye bomba siku ileile unayoitumia, na ikifika mtoni inaendelea na kazi yake ileile ya kulegeza na kuchana mafuta, ila safari hii inayakuta matamvua ya samaki na ngozi ya viluwiluwi. Haijui kwamba kazi ya kufua imeisha. Kwa hiyo mi nikiishika chupa ya sabuni siulizi sana imetoka wapi, nauliza huyu ndumilakuwili akishamaliza kazi anakufaje, na akifa anaacha nini.

Jibu la swali hilo liko kwenye umbo. Sikilizeni hii stori. Sabuni ya zamani, ya mafuta na magadi, ilikuwa inaoza vizuri tu, tatizo lake ni maji magumu, yale yenye kalsiamu na magnesiamu, humo inageuka ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni na nguo zinabaki na kijivu fulani. Alafu vita ya 1914 mpaka 1918 Ujerumani wakakosa mafuta, wakaanza kutafuta njia ya kutengeneza kitu cha kusafishia bila kugusa mafuta ya kula, na baada ya vita ya pili ndo sabuni za unga za kisasa zikajaa madukani. Mkia wa nyingi ulitoka kwenye petroli na ulikuwa na matawi matawi kama kichaka. Zilifua vizuri kweli, hazikuogopa maji magumu, kila mtu akafurahi.

Ila bakteria wa mtoni wana namna yao ya kula. Mkia wa kaboni ulionyooka wanauanzia mwishoni na wanakata kaboni mbili mbili mpaka unaisha, kama mtu anavyotafuna muwa. Ukiwa na matawi wanakwama, meno hayapiti. Basi miaka ya 50 mito ya Ujerumani, Uingereza na Marekani ikaanza kutoa povu, mapovu makubwa kwenye mabwawa na mitambo ya maji taka, na kuna sehemu mtu alikuwa anafungua bomba la jikoni maji yanatoka na povu bila yeye kutia chochote. Ujerumani wakatunga sheria mwaka 1961 ikaanza kufanya kazi 1964, Marekani viwanda vikabadili vyenyewe kufika 1965. Wakabadili nini? Wakanyoosha mkia. Basi! Petroli ni ileile, kichwa ni kilekile, kinaitwa salfoneti, ila mkia umenyooka na bakteria wanakula. Wale mnaotengeneza sabuni ya maji majumbani mnaijua, ndo ile mnaita salfoniki, ile nzito ya kahawia mnayoipunguza makali kwa soda. Inaoza vizuri mradi kuna hewa, kwenye tope lisilo na oksijeni inakaa sana, hilo lijueni.

Kwa hiyo hapo tayari mmeona kitu cha petroli kinachooza na kingine cha petroli kisichooza, na hapo ndo mi naanza kugombana na neno "asili" kwenye lebo. Nitalirudia.

Kuna kufa kubaya pia. Kuna jamii moja ya safaktanti ilitumika sana viwanda vya nguo na kwenye visafishio, nonilifenoli etoksileti, jina refu sana samahani. Hizi bakteria wanazila ila wanaishia njiani, wanakula kichwa wanabakiza mkia, na huo mkia unaobaki, nonilifenoli, una tabia ya kujifanya homoni ya kike mwilini mwa samaki. Yaani kilichobaki ni kibaya kuliko kilichoingia. Ulaya waliziwekea mipaka mikali mwaka 2003. Kwa hiyo mtu akikwambia bidhaa yake inavunjika usishangilie kwanza, muulize inavunjika inakuwa nini.

Na kuna zile ambazo hazifi kabisa. Ukichukua mkia ukavua haidrojeni zote ukavalisha florini unapata safaktanti kali kuliko zote, zinashusha ile 72 mpaka chini ya 20, povu lake linatambaa juu ya petroli inayowaka na kuufunika moto, zimamoto wa viwanja vya ndege walilipenda sana. Sasa kifungo cha kaboni na florini hakuna bakteria anayekifungua kwa maana ya kusaidia, kwa hiyo zimeingia kwenye visima, kwenye samaki, kwenye damu za watu, na zimekaa. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zisizoisha, uliiingiza moja ya jamii hii inayoitwa PFOS kwenye orodha yake mwaka 2009 na ndugu yake PFOA ikafuata 2019. Mapovu ya kuzimia moto yasiyo na florini yapo sasa hivi na yanazima, kwa mbinu tofauti kidogo, ila ardhi iliyomwagiwa yale ya zamani miaka thelathini bado ni kazi.

Nilipoanza kazi ya maabara nilikuwa nadhani "inaoza" ni neno la matangazo tu, kumbe lina mtihani wake na mtihani wenyewe ni wa kuchekesha kidogo. Unachukua bakteria kutoka mtambo wa maji taka, unawaweka kwenye chupa na hiyo safaktanti kama chakula chao pekee, unawaacha siku 28 unapima wanavuta oksijeni kiasi gani au wanatoa hewa ya ukaa kiasi gani. Wakifikisha asilimia 60 umefaulu. Watu wananiuliza 40 imeenda wapi, si imebaki majini? Hapana, sehemu kubwa imekuwa miili ya bakteria wenyewe, si wamekula wakanenepa. Sheria ya Ulaya ya sabuni ya mwaka 2004 imesimama juu ya kipimo cha namna hiyo. Kwa hiyo lebo ikisema inaoza bila kusema ndani ya siku ngapi na kwa kipimo gani, hata gogo la mti linaoza, ni suala la subira tu.

Haya tuje kwenye hizi za kisasa sasa. Wakemia wamejifunza kuijenga safaktanti huku wakifikiria kifo chake tangu mwanzo, wanaweka kiungo dhaifu makusudi. Mfano mzuri ni vilainishi vya nguo, zamani kulikuwa na moja yenye mikia miwili mirefu ilikuwa haiozi kwa urahisi, mwanzoni mwa miaka ya 90 Ulaya ikaachwa wakaleta esterikwati. Ni karibu kitu kilekile ila katikati ya kichwa na mikia kuna kiungo cha esta, kwenye nguo kinashika, kikikaa kwenye maji kinakatika chenyewe, na vipande vyake bakteria wanavimaliza. Mi nikiulizwa kazi nzuri ya kemia nitaje moja huwa nataja hiyo, na hakuna mtu anaijua.

Alafu kuna za sukari. Kichwa ni glukosi, mkia ni alkoholi iliyotoka kwenye mafuta ya nazi au ya mbegu za mawese, ukisoma chupa utaona desili glukosaidi, koko glukosaidi. Wazo ni la zamani, Emil Fischer aliunganisha sukari na alkoholi mwaka 1893, lakini viwanda vikubwa vimekuja miaka ya 90 ya karne iliyopita. Ni laini kwa ngozi, hazichomi macho sana, na bakteria kuila sukari hawahitaji kubembelezwa. Za amino asidi nazo ni hivyohivyo, glutameti, glisineti, utazikuta kwenye sabuni za uso na za watoto.

Ila nisiwadanganye, ni sumbufu kutengeneza. Ile SLES, safaktanti ya kawaida ya kwenye shampuu, ukiitia chumvi inakuwa nzito kama uji na wateja wanapenda uzito, wanaamini nzito ndo kali. Mara ya kwanza natengeneza sabuni ya maji kwa glukosaidi nikatia chumvi, haijashika, nikaongeza, haijashika, nimeongeza mpaka nimetengeneza maji ya bahari na bado inatiririka kama maji ya kunywa, batchi nzima ikamwagwa na bosi wangu siku hiyo hakunisemesha. Mwisho nikaokolewa na zanthani gamu, kitu cha kuongeza uzito, ambayo kwa taarifa yenu inatengenezwa na bakteria, na ikanifungua macho upande wa tatu huu ambao ndo unaonisisimua zaidi.

Bakteria na hamira wanatengeneza safaktanti zao wenyewe. Wanazihitaji, maana wakitaka kula mafuta lazima wayayeyushe kwanza. Kuna hamira inaitwa Starmerella bombicola, iligunduliwa kwenye asali ya wale nyuki wakubwa wenye manyoya, ukiipa sukari na mafuta inakutolea soforolipidi kwa wingi ajabu, zaidi ya gramu 100 kwenye lita moja ya mchuzi inamokulia, na kuna sabuni za vyombo tayari zinatumia hiyo. Kuna Bacillus subtilis inatoa safaktini, kidogo tu inashusha ile 72 yetu mpaka 27. Na kuna ramnolipidi, hizi zilianza kuonekana miaka ya 40, ila aliyekuwa anazitoa ni Pseudomonas aeruginosa na huyo ni mdudu wa kuleta maambukizi hospitalini, nani atakubali kufuga tangi zima la huyo? Wakachukua ndugu yake mpole, Pseudomonas putida, wakampa uwezo wa kutengeneza, na mwaka 2024 kampuni ya Evonik ikafungua kiwanda huko Slovakia cha kuzalisha ramnolipidi kwa sukari ya mahindi. Hakuna joto kubwa wala petroli kwenye mkia.

Na vichekesho vipo. Safaktanti inatengeneza povu, tangi la bakteria linapulizwa hewa muda wote, kwa hiyo tangi linafanya nini? Linafurika. Povu linapanda linatoka na bakteria wako linaingia kwenye mabomba ya hewa, sakafu nzima nyeupe. Sehemu kubwa ya akili inayotumika kwenye hii kazi ni kupambana na povu, na hiyo pamoja na kazi ya kuichuja bidhaa itoke safi ndo maana bei yake bado iko juu ya salfoniki kwa mbali.

Matumizi yake hayaishii kwenye vyombo. Zinasaidia kutoa mafuta na metali nzito kwenye udongo uliochafuliwa, ramnolipidi inapasua mbegu zinazoogelea za baadhi ya kuvu wa mimea, na kwenye dawa za kunyunyizia zinafanya tone litandae juu ya jani lenye nta badala ya kuviringika na kuanguka. Hapo kwenye mashamba palikuwa na kesi kubwa, baadhi ya dawa za magugu zenye glaifoseti zilitiwa safaktanti inaitwa POEA na ikaonekana hiyo safaktanti ni kali kwa viluwiluwi kuliko dawa yenyewe, Ulaya wakaiondoa mwaka 2016. Na baharini ni hivyohivyo, meli Torrey Canyon ilipopasuka 1967 karibu na Uingereza walimwaga visafishio vikali kuondoa mafuta, na vile visafishio vikaua viumbe vya mwambao kuliko mafuta yenyewe.

Sasa nirudi kwenye "asili" kama nilivyoahidi. Miti mingi ina saponini, ndumilakuwili wa kuzaliwa, ukiponda mizizi au matunda yake kwenye maji yanatoa povu na watu wamefulia hivyo tangu zamani. Saponini ya mti wa Quillaja wa huko Chile iko ndani ya chanjo ya malaria, RTS,S, ile WHO waliyoipendekeza mwaka 2021, inasaidia kuiamsha kinga ya mwili. Kitu kizuri sana. Lakini mimea mingine yenye saponini sehemu nyingi duniani inapondwa na kutiwa mtoni ili samaki waelee wamelewa, wanaokotwa kwa mkono. Asili mia kwa mia, na samaki wamekufa! Mafuta ya mawese nayo ni asili, ila kama shamba limepandwa juu ya msitu uliokatwa hapo mazingira yamepona nini? Hizo glukosaidi ninazozisifia mkia wake mara nyingi unatoka hukohuko, kwa hiyo mi mwenyewe sina mikono misafi sana.

Kuna dada amenyoosha mkono hapo mbele muda mrefu. Anauliza kama ni hivi si bora arudie tu sabuni ya kipande aachane na haya majina. Dada, swali zuri, na jibu linategemea maji yako. Kama ni laini, yaani sabuni inatoa povu upesi, sabuni ya kipande inatosha kwa mambo mengi na inaoza haraka. Kama ni magumu nusu ya sabuni yako inaisha kupigana na kalsiamu kabla haijagusa nguo, utatumia mara mbili, hapo salfoniki kidogo au glukosaidi inaishinda kwa mbali. Na chochote utakachochagua pima, usimimine. Povu likishakuwepo kuongeza hakuongezi usafi, sabuni za mashine za kuoshea vyombo karibu hazitoi povu na sahani zinatoka zinang'aa. Kingine fulia maji ya baridi inapowezekana, maana kwenye kufulia kwa mashine umeme mwingi unaliwa na kupasha maji.

Mzee wa kofia pale anataka niilaze tena sindano juu ya maji. Haiwezekani kwenye maji haya mzee. Na hata nikiyamwaga nikatia mapya haitaelea, kuna kiasi kidogo kimeng'ang'ania ukutani mwa bakuli na hicho kidogo kinatosha, inabidi nisuuze mara tatu nne hivi. Ngoja nikasuuze, we njoo na swali lako hukohuko kwenye bomba.